Kisima Kilichozungushiwa Miiba Usangu

Juzi kijana mmoja wenu alinipigia simu nikiwa shambani, mikono imejaa udongo wa viazi. Alinipa shikamoo yake vizuri, akasema amesoma jiolojia, ameajiriwa karibuni, na yumo katika timu inayokwenda kuanza upya utafiti wa mafuta na gesi kwenye bonde la Usangu. Alitaka kujua kilipo kisima chetu cha zamani cha utafiti. Kwenye ramani waliyoikuta ofisini kuna kidoti tu, na wakikipeleka kidoti hicho kwenye simu kinaangukia katikati ya mbuga, mahali ambapo hata njia ya ng'ombe haionekani.

Nilimwelekeza. Shika barabara ya Madibira, ukifika huko uliza kwa marehemu Masanja, mfugaji, watu wanapajua. Akashukuru, akakata simu. Mimi nikabaki nimeshika jembe, roho inanisonona, maana nilimpa njia tu. Sikumwambia kwamba pale kwenye kidoti kuna mama mwenye swali, na yeyote atakayeshuka kwenye gari akiwa amevaa kofia ngumu ndiye atakayeulizwa. Ndiyo maana nimekaa kuwaandikia, ili msije mkasema hamkuambiwa.

Kwanza mnifahamu. Mimi naitwa Agnesi, Mhehe, mzaliwa wa hapa hapa Kilolo ambapo sasa nalima viazi na njegere. Kwa kazi nilikuwa fundi sanifu wa jiolojia. Maana yake ni hivi: mjiolojia anafikiri, fundi sanifu anabeba. Nimebeba mawe tangu nikiwa msichana mpaka magoti yakaanza kulia kila nikichuchumaa. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuielewa kazi hiyo hata siku moja. Kila nikirudi likizo na mkoba mzito alikuwa anaufungua kwa matumaini, anakuta mawe.

"Agnesi," anasema, "huko unakokwenda hawajui kwamba Kilolo tuna mawe?"

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ambakisye, mjiolojia kutoka Tukuyu, mtu mrefu, mwembamba, mnywaji wa chai ya maziwa asiye na mpinzani. Alikuwa na maringo yake, Mnyakyusa yule, na kwake yeye ndizi za dunia nzima zilikuwa zinaigiza ndizi za kwao. Lakini kwenye kufundisha hakuwa mchoyo. Nilipomuuliza mara ya kwanza mafuta yanapatikanaje chini ya ardhi, hakunipa kitabu. Alinipeleka jikoni kambini, akafunua chungu cha kunde.

"Kwanza uwe na kunde zenyewe," alisema. "Hizo ni tope jeusi la ziwa la zamani, limejaa majani na vijimea vilivyooza. Pili ziive. Zikizikwa chini sana kwenye joto zinaiva, zikikaa juu zinabaki mbichi, zikizama kupita kiasi zinaungua. Tatu uwe na chungu, yaani mwamba wa mchanga wenye vitundu vya kubeba mafuta. Nne mfuniko, mwamba mzito wa mfinyanzi, la sivyo yote yanapotea kama mvuke."

Usangu tulijua ni bonde la ufa lililozama, na kwamba mito kutoka milimani imelijaza mchanga na tope kwa muda ambao akili inachoka kuufikiria. Zaidi ya hapo hatukujua kitu. Mabonde mengine ya nchi hii yalishapimwa na kuchorongwa visima, watu wanabishana kuhusu gesi yao kwenye magazeti. La kwetu lilikuwa na ramani ya zamani yenye rangi moja, kama vile aliyeichora alichoka. Hapakuwa na mtu aliyewahi kufunua mfuniko akachungulia.

Mzee Ambakisye alikuwa mkali kwa jambo moja kuliko yote. Siku moja nilivunja jiwe jeusi likanuka, nami kwa furaha nikaandika kwenye ripoti ya siku, "huenda mafuta yapo." Aliniita.

"Unajua kwamba yapo?"

"Sijui, mzee."

"Basi andika hujui. Bosi akisoma kwamba hatujui, atatuma vifaa tukatafute. Akisoma huenda, atatuma waandishi wa habari."

Tangu siku hiyo nimeandika "haijulikani" mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Msilionee haya neno hilo. Kwenye kazi hii ndilo la ukweli kuliko mengine yote, na nitawaonyesha jinsi lilivyo gumu kutoka mdomoni.

Nyinyi mna mashine za kunusa gesi. Sisi tulikuwa na kijiti. Tulikuwa tumepiga kambi Madibira, na mwenyekiti mmoja wa wakulima wa mpunga akaja mbio na pikipiki, anatokwa jasho.

"Mzee, mafuta yametoka! Yenyewe! Yako kwenye mfereji!"

Tulipofika tukakuta umati. Mlinzi ameshawekwa, na akina mama wamekatazwa kuosha vyombo. Kweli, juu ya maji yaliyotuama kulikuwa na utando unaong'aa rangi zote, bluu, zambarau, dhahabu. Mzee Ambakisye akaomba kijiti, akachuchumaa, akaugusa ule utando. Ukavunjika vipande kama kioo, na vipande vikabaki vimeachana.

"Chuma," akasema.

Maji ya majaruba ya mpunga yana chuma, na kuna vijidudu vinavyokitengenezea utando. Mafuta ya kweli ukiyapitishia kijiti yanakizunguka na kujifunga tena nyuma yake. Utando wa chuma ukivunjika umevunjika. Hilo liwekeni kichwani, halihitaji betri.

Mwenyekiti hakukubali kushindwa upesi hivyo. Akatupeleka kwenye jaruba lake, mapovu yanatoka kwenye tope, akawasha kiberiti. Pu! Kimoto cha bluu kikaruka na kuzimika. Mzee akamweleza kwa upole kwamba hiyo ni gesi ya mabua ya mpunga yanayooza, haitoki chini kwenye miamba. Mwenyekiti akalitazama jaruba lake kwa huruma.

"Kwa hiyo hata hii ndogo yetu hamuitaki?"

Tulicheka sana, hata mlinzi wa mafuta naye akacheka. Lakini wakati tunaondoka nilimwona yule mwenyekiti amekaa kwenye tuta la mfereji, anatazama maji, na hakuwa anacheka tena. Nilielewa kwamba tangu asubuhi alikuwa ameshaanza kupanga maisha. Ndivyo ilivyo, wanangu. Ninyi mnaona mwamba na bonde. Mtu anayewatazama mkichomeka vyuma vyenu shambani kwake anaona barabara, umeme, mtoto wake akienda shule bila kufukuzwa.

Makosa yetu yalikuwa mengi, na mengine bado yananichekesha nikiwa peke yangu. Kuna safari tulikwenda Ruaha Mbuyuni kuokota sampuli kwenye miamba iliyokatwa na barabara kuu. Joto la kule mnalijua. Dereva wetu akanunua vitunguu, nami nikanunua vya kumtumia mama, na kwa kuwa hatukuwa na magunia tukavitia kwenye mifuko ile ile ya kitambaa tuliyotilia mawe. Mnaona inakokwenda. Baada ya muda maabara ikatujibu: "Sampuli yenu imeanza kuota." Na mama yangu huku Kilolo akapokea mfuko wa mawe. Hakushangaa hata kidogo, alidhani ndiyo zawadi.

Na jambo jingine dogo, kwa faida yenu. Mkitaka kujua kama mwamba laini ni mfinyanzi mtupu au una mchanga mwororo ndani yake, tafuneni kidogo kwa meno ya mbele. Ukiteleza ni mfinyanzi, ukikwaruza una mchanga. Ila tazameni kwanza mmeuokota wapi. Usangu ni nchi ya ng'ombe, na si kila kitu kilichokauka kule ni jiwe.

Sasa nije kwa Masanja.

Masanja alikuwa Msukuma. Yeye na kaka zake walihamia Usangu kutoka kaskazini wakiswaga ng'ombe, wakakuta majani na maji, wakajenga. Alikuwa mtu mzito wa maneno, mwenye kicheko kifupi kinachotokea puani. Mkewe, Mama Kabula, alikuwa kinyume chake: alisema kwa niaba ya wote wawili. Mstari wetu wa mitetemo ulipita karibu na boma lao, na ndivyo tulivyofahamiana.

Kazi ya mitetemo mnaijua, ila siku hizi vifaa vyake havina nyaya. Lori zito linakandamiza bamba chini na kuitikisa ardhi, mtetemo unashuka, unagonga tabaka za miamba na kurudi juu, na vidude vidogo vilivyochomekwa ardhini kama misumari vinausikiliza. Zamani vidude hivyo viliungwa kwa nyaya ndefu tulizozivuta kwa mikono toka alfajiri. Tulizivuta, tukazipanga, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi tukakuta ng'ombe wa Masanja wamesimama kwenye mstari, wanatafuna.

Mzee Ambakisye aliwaka. Masanja akamsikiliza mpaka mwisho, akainama, akaokota waya na kuuramba.

"Ina chumvi hii," akasema. "Nyie mnatoka jasho, mnashika waya. Ng'ombe anajua mmemletea yeye. Sasa mie nimfunge mdomo?"

Basi ikabidi sisi tuvae glovu kwenye joto lile, na yeye kila asubuhi akaanza kuwapeleka ng'ombe wake mapema sehemu fulani ya kijivu ambako udongo una chumvi, wakarambe washibe kabla hatujatandika nyaya. Mahali pale pakumbukeni. Palikuwa hazina yake kuliko boma lenyewe, kwa sababu wafugaji wengine walilazimika kununua chumvi, na yeye alikuwa nayo chini ya miguu.

Halafu ukaja mkasa wa kutwanga. Kijana wa kigeni aliyekuwa anaangalia mtambo ndani ya gari alianza kulalamika kwamba kuna mtetemo wa ajabu, dun, dun, dun, unaingia kila siku kwenye kumbukumbu zetu na kuharibu kila kitu. Alipima jenereta, akapima magari, akabadilisha vifaa. Mzee Ambakisye akatoka nje, akavua kofia, akasikiliza kwa masikio yake. Mama Kabula alikuwa anatwanga mahindi.

Tulikwenda kumwomba atwange saa nyingine. Alituangalia kama watoto waliopotea.

"Saa nyingine nitakuwa nafanya kazi ya saa hiyo nyingine," akasema. "Nyie hamli huko kwenu?"

Tukajadiliana, na mwisho tukafikia mapatano ambayo sijayaona kwenye kitabu chochote cha taaluma yetu. Mama Kabula akitaka kutwanga atatundika kanga kwenye uzio wa boma. Kanga ikiwa juu, sisi tunasubiri. Akimaliza ataishusha, tunaendelea. Na ikawa hivyo. Lori limenyamaza, mitambo ya bei mbaya imewashwa, wataalamu wa nchi mbalimbali wamekaa kwenye kivuli cha gari, wote wanatazama kanga ya kijani itashushwa lini. Mama Kabula hakuwa na haraka. Nadhani siku nyingine alitundika apumzike tu.

Mitetemo ilionyesha kwamba bonde limezama sana upande ule, zaidi ya tulivyotegemea. Kampuni iliyogharimia utafiti ikakubali kuchoronga kisima kimoja kifupi cha kuchungulia tu, kujua tabaka za juu ni za namna gani. Na mahali palipofaa kuliko pote, kwa sababu tope la ziwa la zamani lilikuwa karibu na uso wa ardhi, ni pale kwenye udongo wa kijivu, pa chumvi ya Masanja.

Mzee Ambakisye alikwenda kumwomba mwenyewe, nami nikiwa nyuma yake. Masanja alichora chini kwa fimbo. Wakati huo kaka zake walikuwa wanapanga kuhamia kusini zaidi, kwa sababu malisho ya Usangu yalikuwa yanabana, na walitaka waende pamoja kama walivyokuja.

"Chimbeni," akasema mwishoni. "Mie naomba kitu kimoja. Mkishajua, mniambie. Kipo au hakipo. Kikiwepo nitabaki, watoto wapate kazi. Kisipokuwepo niwafuate wenzangu. Sitaki maneno mengi."

"Utaambiwa wa kwanza," mzee akamjibu, na wakashikana mikono.

Tulichoronga. Mimi ndiye niliyeosha vipande vya mwamba vilivyopanda na tope, kila vikifika, navipanga kwenye sanduku kwa mfuatano. Na siku ile tulipofikia lile tope jeusi lililogeuka jiwe, nililivunja kwa nyundo, likanuka mafuta ya taa. Mzee Ambakisye alikishika kipande kile kwa mikono miwili, akakinusa, akanipa ninuse tena. Sikuwahi kumwona hivyo. Kunde zilikuwepo.

Lakini zilikuwa mbichi. Kisima chetu kilikuwa kifupi mno. Kujua kama chini zaidi, katikati ya bonde, tope lile lile lilizama likaiva, na kama kuna chungu na mfuniko, kulihitaji kisima kirefu. Kisima kirefu kilihitaji kampuni iamue, na kampuni iliamua kufunga kambi. Bei ya mafuta duniani ilishuka, wakubwa wao wakageuza macho kwingine. Vipande vyangu vya mwamba vikapakiwa kwenda nje ya nchi na sijasikia habari zake hadi leo. Jibu la kitaalamu, kama mzee alivyoniandikisha kwenye ripoti ya mwisho, lilikuwa haijulikani.

Siku ya kuondoka Masanja alikuja pale kisimani. Lilikuwa limebaki bomba la chuma limetokeza hadi kiunoni, na kifuniko kimechomelewa juu. Alisimama na fimbo yake mabegani.

"Vipi," akauliza. "Kipo?"

Nilikuwa hatua chache kutoka hapo, nafunga turubai. Niliona jinsi Mzee Ambakisye alivyofungua mdomo na kuufunga. Alilitazama bomba, akalitazama lori linalongoja, akamtazama yule mtu aliyempa sehemu yake ya chumvi. Mtu aliyenifutia neno "huenda" kwa kalamu nyekundu alishindwa kusema "hatujui".

"Mzee Masanja," akasema, "bomba hili tunakuachia. Naomba ulitunze, ng'ombe wasijikune likapinda, maana tutalihitaji. Tutarudi."

"Sawa," Masanja akasema. "Nimesikia."

Nawaombeni msimhukumu mzee wangu. Hakudanganya. Alikuwa anatumaini, akatumaini kwa sauti. Sisi watu wa kazi za kusafiri tunaaga hivyo kila mahali, tutarudi, tutaonana, tupo pamoja, na wengi wanaotuaga wanajua ni adabu tu ya kupandia gari. Masanja hakuwa mtu wa maneno ya adabu. Yeye alikuwa amekabidhiwa bomba.

Mzee Ambakisye alijitahidi kurudi. Kila alipopata nafasi ya kuzungumza na wenye kampuni aliwafungulia ramani ya Usangu, wakati huo ramani bado tunazipaka rangi kwa penseli juu ya meza, na kila mara walimsikiliza vizuri wakaenda kuchimba kwingine. Alistaafu akarudi Tukuyu kwenye ndizi zake. Nilikwenda kumwona alipougua. Alikuwa amelala karibu na dirisha, chai imepoa pembeni, na nilijua hali ni mbaya kwa sababu hakuwa ameigusa.

"Agnesi," akaniuliza, "yule mzee wa chumvi. Kuna mtu alimwambia?"

"Hakuna, mzee."

"Nilikuwa naamini," akasema. Kisha akageukia ukutani. Hatukuzungumza mengine ya maana siku hiyo, na sikumkuta tena hai.

Ahadi ile haikuwa yangu, lakini ilinikaa. Nilipostaafu nikasema lazima nifike Usangu kabla magoti hayajakataa kabisa. Kiangazi kilichopita nikaenda. Madibira nilikodi bodaboda, na kijana akanipeleka hadi kwa Masanja bila kuuliza njia. Boma lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka. Yale maboma ya kaka zake yaliyokuwa jirani hayakuwepo, kumebaki magugu na mashimo ya nguzo.

Mama Kabula alikuwa nje anapepeta mchele. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia, maana hicho ndicho Kisukuma nilichobaki nacho.

"Mwangaluka." Akaweka ungo chini. "Dada wa mawe! Umezeeka!"

Tukakumbatiana, tukacheka, nikamuuliza mzee yuko wapi. Akanyoosha mkono nyuma ya nyumba, nikaona kaburi. Masanja alifariki kabla ya mvua zilizopita. Nikalia, sioni haya kuwaambia. Nilikuwa nimekuja na neno lake moja, limechelewa.

Akanipeleka kisimani. Nilitarajia kukuta bomba limepinda au limeng'olewa likauzwa chuma chakavu, kama tulivyokuta kwingi. Nikakuta uzio mnene wa matawi ya miiba, mrefu kuliko mimi, umezunguka udongo wote wa kijivu. Matawi ya chini yameoza kwa uzee, ya juu ni mapya. Ndani, bomba limesimama wima na kifuniko chake, halina hata mkwaruzo. Ng'ombe wachache walikuwa wamesimama nje ya miiba, wameelekeza pua ndani, wananusa chumvi.

"Kila kiangazi alikuwa anakata miiba mipya," Mama Kabula akasema. "Kaka zake wanapiga simu, njoo huku, kuna majani. Anasema mie nimeachiwa bomba la watu, nikiondoka ataliangalia nani? Chumvi tukawa tunanunua. Ng'ombe zikapungua. Baada ya yeye kufa miiba anakata mwanangu Kabula." Akanigeukia. "Haya. Mmerudi. Kipo?"

"Hatujui, mama."

"Hamjui."

"Hatujui. Hata siku ile hatukujua."

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alitazama ng'ombe wake, akatazama upande wa kaburi.

"Neno lenyewe ndo fupi hivyo?" akasema. "Si mngelisema tu? Angeenda na kaka zake."

Ili nipate pa kutazama nikatazama mlango wa ule uzio, na hapo nikaona kanga, ya kijani, imepauka, imefungwa kwenye mti wa juu. Nikauliza kama ameianika.

"Kuanika? Nguo naanika nyumbani. Hiyo si alama yenu? Kanga ikiwa juu, mtu anasubiri. Alipokufa baba Kabula niliitundika, nikasema na wao wakipita wajue hapa kuna watu wanasubiri." Akaishika ile kanga. "Sasa wewe niambie. Niishushe? Nitoe miiba ng'ombe zirambe, au niache?"

Nilitaka kumwambia shusha. Mdomo ulishafunguka. Lakini kampuni sikuijua, mipango ya ofisi sikuijua, na nilikuwa nimestaafu, sina amri hata ya mfuko wa sampuli. Ningemwambia hawatarudi ningekuwa nimefanya kama mzee wangu, ila kwa upande wa pili. Nikamwambia hilo nalo silijui.

"Basi," akasema. Tawi moja lilikuwa limeanguka. Akalishika upande mmoja, nikashika upande wa pili, tukalirudisha mahali pake. Miiba ile ni mikali, ilinitoboa kiganja, na Mama Kabula ndiye aliyeitoa kwa pini ya kichwani pake.

Kumbe wakati huo nyinyi mlikuwa mnapanga safari. Nimefurahi kusikia, na nimeumia vilevile, kwa sababu mlichelewa kidogo tu. Bomba mtalikuta zima. Vifaa vyenu vitashuka bila kukwama, na mtaandika kwamba kisima kiko katika hali nzuri. Mjue ni kazi ya nani.

Mkishuka kwenye gari msianze na bomba. Anzeni na nyumba. Msalimieni mama, mkae, mnywe atakachowapa, mpite kaburini. Mkitaka kuingia kwenye uzio mwombeni yeye. Na kabla hamjawasha gari kuondoka, nendeni tena mkamwambie mlichojua, na kama hamkujua mwambieni hamkujua, na mwambieni kama kisima bado mnakihitaji au basi. Msimwambie mtarudi.

Kanga iko juu ya mlango, upande wa kushoto. Msiishushe nyinyi. Mpeni jibu, aishushe mwenyewe.